Bwawa limekuwa jeupe kama tui

SWALI: Bwawa letu la nyumbani hapa Ilazo lina urefu wa mita 8, upana 4 na kina cha mita moja na nusu. Tunalijaza maji ya kisima kirefu. Kila tukitia klorini ya unga, maji yanakuwa meupe kama tui, na kwenye vigae, pale maji yanapoishia, umeota ukoko mweupe unaokwaruza. Fundi anasema tuongeze klorini. Ni sawa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, msiongeze. Ukoko huo ni chokaa, sawa na ule unaoganda ndani ya birika. Udondosheeni ndimu, ukitoa povu, ndiyo yenyewe. Maji ya visima vya Dodoma mara nyingi ni magumu, yaani yana chokaa nyingi iliyoyeyuka, na jua na upepo hulikausha bwawa kila siku. Maji yanaondoka, chokaa inabaki, nanyi mkijazia mnaleta nyingine. Klorini ya unga, kama ni ile ya kalisi (madini yanayounda chokaa), inaongeza kalisi na kupandisha pH (kipimo cha uasidi: ikipanda, asidi ya maji imepungua). pH ikipita 7.8, chokaa huanza kujitenga na maji, ndiyo weupe mnaouona.

Tena klorini yenyewe inalegea. Kwenye pH 7.4 zaidi ya nusu yake ina nguvu ya kuua vijidudu, kwenye 8.2 haifiki hata robo.

Pimeni kwa vipimo vya matone: pH iwe 7.2 hadi 7.6, alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) 80 hadi 120, ugumu 200 hadi 400 (miligramu kwa lita). Bwawa lenu lina lita 48,000. pH ikiwa 8.2, anzeni na nusu lita ya asidi haidrokloriki ya asilimia 31. Vaeni glavu na miwani. Tangulizeni lita 10 za maji kwenye ndoo ya plastiki, ndipo mtie asidi. Kinyume chake inaruka na kuunguza. Mwageni polepole pampu ikizunguka, subirini kwa muda wa saa 4 bila mtu kuogelea, pimeni tena. Lita nzima hushusha alkalini kwa 10 hivi, kwa hiyo msiwe na haraka.

Asidi na klorini zisikutane kabisa, hata kwenye ndoo moja iliyosuuzwa vibaya: hutoa gesi yenye sumu.

Chokaa inayoelea itanaswa na mchanga wa filta. Presha ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya ile ya filta safi, geuzeni mkondo wa maji ndani ya filta mpaka maji yanayotoka yawe maangavu bila tope. Ukoko sugueni kwa jiwe la kusugulia miguu, likiwa limelowa. Jaribuni kwanza pembeni.

Kuanzia hapo tumieni klorini ya maji, jioni, ibaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Ugumu ukizidi 400 hakuna dawa ila kupunguza maji na kujazia mengine laini. Mvua za Desemba hadi Aprili zitawafaa: paa la mita za mraba 100 hukinga karibu lita 1,000 kwa kila milimita 10. Msipoogelea, lifunikeni bwawa, kisima kitapumzika.