Unaanza Kiarabu? Yapime kwanza maneno uliyonayo mdomoni

Wanafunzi wapya wanaojiunga na darasa letu la jioni hapa Ujiji, wengi hufika na daftari la safu mbili: Kiarabu huku, Kiswahili kule. Wanakariri maneno mengi kwa siku, na mwezi haujaisha yameshawatoka. Nami nilianza hivyo hivyo.

Liweke pembeni hilo daftari. Chukua elimu, mwalimu, ulamaa, maalumu, taaluma. Umeyasema tangu utotoni, na ndani ya yote mna herufi tatu zilezile, kwa mpangilio uleule: ayn, lam, mim. Huo ndio mzizi, na shina la maana yake ni kujua. Kinachobadilika ni irabu na herufi za nyongeza, yaani umbo ambalo wanasarufi wa Kiarabu huliita wazn.

Wazn ndio uzani wetu. Shuka Kibirizi asubuhi dagaa wakipimwa: mawe ya mizani ni yaleyale, mzigo ndio unaobadilika. Wanasarufi nao wana mawe yao matatu, fa, ayn na lam, na maneno yenye mizizi hupimwa kwayo: herufi tatu za mzizi hukaa mahali pa hizo tatu. Umbo la faa'il ni la mtendaji: katibu ni mwenye kuandika, dhalimu ni mwenye kudhulumu. Umbo la maf'uul ni la aliyetendwa, na hapa Kiswahili kina hazina kubwa: marehemu ni aliyerehemiwa, majeruhi ni aliyejeruhiwa, mahabusu ni aliyefungwa, maalumu ni kinachojulikana. Halafu kuna umbo la mahali: maktaba, mahakama, madrasa. Sasa nikikupa mzizi wa kupika, ta, ba, kha, ukaniambia jiko ni matbakh kabla hujagusa kamusi, neno hilo halikutoki tena.

Ila angalia, Kiswahili kimeyavisha maneno haya nguo zake. Sisi tunasema kitabu, vitabu, kana kwamba ki- ni kiambishi. Kwa Mwarabu ile kaf ni mzizi, haiondoki, na wingi wake ni kutub. Mwalimu na walimu ni vivyo hivyo: asili ni mu'allim, sisi ndio tuliompa wingi wa mtu na watu.

Sauti nazo zitakusumbua kuliko chochote. Amri na umri kwetu zinaanza na irabu tu, lakini amri ina hamza na umri ina ayn, mizizi miwili isiyo na undugu. K yetu moja imebeba kaf na qaf. Ukizichanganya, ukitaka kusema qalb, moyo, utasema kalb, mbwa. Muulize mwalimu ni herufi gani kabla hujaanza kutafuta, kwa sababu kamusi nyingi za wanafunzi, ile ya Hans Wehr ikiwemo, zimepangwa kwa mizizi.

Na maana usiiamini haraka. Makamu kwetu ni msaidizi wa mkubwa, lakini maqam kwao ni mahali pa kusimama, au cheo.

Kigumu zaidi ni mizizi yenye waw au ya, maana herufi hizo hujificha. Kauli inaionyesha waw wazi, makala imeificha, na zote mbili ni za mzizi mmoja wa kusema. Mimi nilinaswa na neno mizan lenyewe. Nilitumwa kulitafuta, nikaenda kwenye mim, nikapekua, sikulipata. Nikajaribu za, ikifuatiwa na ya. Nikarudi kwa mwalimu wangu nimekata tamaa. Hakunikaripia. Alichukua chaki akaandika miwzan, waw katikati, akaniambia nilitamke mara tatu mbiombio. Ya kwanza niliikamilisha kwa shida, ya pili nikakwama, ya tatu ulimi wenyewe ukasema mizan.