Ukitaka Mota Inyamaze, Anza na Umeme, Siyo Sponji

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia wiki hii. Ameunda printa ya 3D, mashine inayojenga vitu kwa plastiki tabaka juu ya tabaka, kwa mikono yake, na kwa kuwa analala nayo chumba kimoja, alizifunga mota zote kwa sponji ya godoro. Kelele zilipungua kweli. Baada ya saa chache kishikio cha mota, alichokichapa kwa plastiki ya PLA, kililainika na kupinda, mkanda ukalegea, kazi ikaharibika. Anauliza anunue sponji gani isiyoshika joto.

Ndugu yangu, usiitafute. Ukiifunga mota namna hiyo unaizuia na hewa, na joto lake halina pa kwenda. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na mota ya NEMA 17, saizi ya kawaida kwenye printa hizi, inaweza kufika hapo bila ubovu wowote. Yenyewe haina shida, kwani nyingi zimetengenezwa kuhimili hadi nyuzi 130 ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake. Kinachoumia ni kile kilichoishika.

Haya nayaandika kwa uchungu kidogo. Nilikuwa nimepanga Sinza, Dar es Salaam, chumba kimoja, na nyuma ya ukuta kuna mama mwenye kichanga. Kama wewe unayesoma, nilitaka mashine ichape usiku kucha ili asubuhi nikabidhi kazi za watu. Fundi mmoja mwenye jina kwenye fani hii aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mashine ya kuunda nyumbani hainyamazi, niachane na ndoto. Maneno yale hayajanitoka. Leo mashine hiyohiyo inachapa karibu na kitanda changu, nami ninalala usingizi, na yule mama aliwahi kuniuliza kama niliiuza.

Habari za kuunganisha bodi naziruka, mnazijua.

Stepa mota, ndizo hizi za printa, huenda kwa kuruka, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kila mruko unaitikisa fremu, fremu inaitikisa meza, na meza inageuka ngoma. Nilitoa draiva za A4988, vile vibodi vidogo vinavyoziendesha mota, nikaweka TMC2209 za Trinamic, kampuni iliyoanzia Ujerumani, nikawasha StealthChop, namna yake ya kuendesha mota kimyakimya. A4988 huigawa hatua moja hadi vipande 16. TMC2209 huijazia katikati hadi 256, hivyo mota inateleza. Kile kilio cha usiku kiliisha siku hiyohiyo.

Halafu punguza mkondo wa umeme unaoingia kwenye mota, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasikilize. Joto la koili hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, wakati nguvu ya mota hufuata mkondo moja kwa moja. Mota ya ampia 1.5 ukiipa ampia 1, unapoteza kama theluthi ya nguvu, lakini joto linashuka chini ya nusu. Isome tena sentensi hiyo. Shusha kidogo kidogo kwa skrubu ya draiva huku multimita ikisoma VREF, volti ya draiva inayopanga kiwango cha mkondo. Ukiona chapisho linahama pembeni, mota inapoteza hatua, basi pandisha kidogo. Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka, utaiua draiva.

Kumbuka pia tunaishi wapi. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Mota inayozidi joto la chumba kwa nyuzi 40 itafika 58 kwenye chumba cha nyuzi 18. Kwenye chumba cha Dar cha nyuzi 32 itafika 72. Kishikio cha PLA hakiwezi kuvumilia hapo. Tumia bati la aluminiamu, au angalau PETG, plastiki inayovumilia joto kuliko PLA.

Wengine hukata raba ya ndala wakaiweka kati ya mota na fremu. Mtikisiko unapungua, sikatai, ila fremu ya chuma ndiyo inayofyonza joto la mota, na raba inaikata njia hiyo. Mimi raba naiweka miguuni mwa mashine. Bora zaidi ni kuikalisha juu ya slabu nzito ya zege, na ile sponji ya godoro ikae chini ya slabu.

Feni ndogo za milimita 40 za kupoza mashine ndizo zinazopiga mluzi. Weka ya milimita 120 izunguke polepole. Feni ukiipunguza kasi kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini sauti inashuka kama desibeli 15. Sikio litakushukuru.

Wenye mota za cherehani, angalieni: feni yake ya kupoza mara nyingi iko kwenye shafti yenyewe. Ukiizungusha taratibu ili inyamaze, unapunguza na upepo wake. Ipe dakika za kupumzika, na matundu yake yasizibwe na nyuzi za nguo.

Kwa hiyo wewe wa Mwanza, toa sponji leo. Shusha mkondo kwanza, uone joto linakuwaje. Draiva nunua baadaye ukipata hela, kwani mkondo hauhitaji hata senti. Ukishabadilisha kishikio, acha mashine ichape kwa muda wa saa tatu, uguse mota. Kama kidole hakivumilii sekunde chache, shusha tena.