Kuhusu wazaliwa wa kwanza wa Misri

Ndugu, umeuliza iwapo ilikuwa haki wazaliwa wa kwanza wa Misri kufa kwa ukaidi wa Farao, na wengi wamekujibu kwamba Wamisri wote walikuwa na hatia. Sikubaliani nao, kwa sababu Kutoka 11:5 inamtaja mzaliwa wa kwanza wa mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia, na 12:29 inamtaja wa mfungwa aliyekuwa gerezani, watu ambao hawakuwa na neno lolote katika maamuzi ya mfalme.

Ni kweli kwamba Farao aliufanya moyo wake mgumu yeye mwenyewe (8:15, 8:32) kabla hatujasoma, kwenye pigo la majipu, kwamba Bwana ndiye aliyeufanya mgumu (9:12). Hilo linaeleza hukumu ya mfalme, lakini mtoto wa mjakazi linamwacha palepale. Tena Ezekieli 18:20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, kwa hiyo anayeuliza swali lako analichota ndani ya Biblia yenyewe, na asionekane kana kwamba amepungukiwa imani. Wayahudi wengi, wanapoyataja mapigo kumi usiku wa Pasaka, hupunguza divai kidogo kikombeni kwa kila pigo, na maelezo yanayojulikana sana ni kwamba furaha ya ukombozi haiwezi kujaa wakati wengine waliteseka.

Linalonisumbua zaidi ni pigo la mvua ya mawe: watumishi wa Farao waliolitii onyo waliokoa watu na mifugo yao (9:20), ilhali katika pigo la mwisho hatusomi popote kwamba mjakazi yule alipewa nafasi kama hiyo.