Kobe Mdogo Alale Juu ya Nini?

Wanaofuga kobe hapa Tabora wakikutana nami huuliza kwanza habari za chakula. Mimi huwarudisha kwenye tandiko, yaani kile kinachotandazwa chini ndani ya boksi la kobe. Kobe mdogo anakula mara moja kwa siku, lakini tandiko yuko nalo usiku na mchana: analikanyaga, anajifukia ndani yake, analivuta puani, na kila anapong'ata jani anameza kidogo.

Kilicho rahisi kupatikana mjini kwetu ni maranda ya mbao, maana fundi seremala atakupa gunia bure. Yaache. Msonobari una utomvu wenye harufu kali inayowasha macho na mapafu. Vumbi la mninga, mbao tunayojivunia, huwakohoza hata mafundi wenyewe, sembuse kiumbe ambaye pua yake inakaribia kugusa sakafu. Pumba za mpunga zina ncha na vumbi. Maganda ya karanga yakilowa huota ukungu upesi. Mchanga mtupu, ambao Tabora haukosekani, unapendwa kwa kuwa unaonekana wa asili, lakini humezwa kidogo kidogo, ukajikusanya kwenye utumbo mpaka mnyama akakosa choo. Gazeti linateleza, na miguu inayokua ikiteleza kila siku hutanuka vibaya.

Mimi natumia udongo. Udongo wa kawaida, mweusi kiasi, uliochekechwa mawe na vipande vya chupa, ukaanikwa juani mpaka siafu na wadudu wengine wahame. Ukipata vumbi la makumbi ya nazi, changanya, kwani linashika maji vizuri. Nyuzi ndefu zichambue utupe, zisije zikamnasa mguu. Juu tandaza nyasi kavu zisizo na ukungu, apate pa kujificha.

Ila uliza udongo umetoka wapi. Mkoa wetu ni wa tumbaku. Shamba la tumbaku hutiwa mbolea ya viwandani na dawa za wadudu, na mabaki ya mmea wenyewe yana nikotini, ambayo ni sumu. Usichote huko hata kama shamba limepumzishwa, wala kando ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Bustani ya mboga inayopuliziwa dawa nayo iache. Nachota chini ya mwembe wa nyumbani, ambako najua hakuna aliyemwaga kitu.

Weka kina cha sentimita 7 hivi, aweze kujifukia mwili mzima. Kisha shughulikia unyevu, na hapa ndipo penye kazi hasa. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yetu ni kavu mno, na kobe anayekulia pakavu gamba lake huota vinundu ambavyo havirudi tena chini. Mwagia maji kwenye pembe za boksi yashuke, tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu. Fumba konzi moja ya udongo wa chini: ukifungua mkono ushikane, bila kudondosha tone. Ukidondosha, umezidisha. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu una baridi, na baridi ikikutana na tandiko lililolowa huleta kichomi, na gamba la tumboni huanza kuoza. Miezi hiyo boksi likae ndani, mbali na mlango.

Kinyesi kiondoe kila siku. Ukisikia harufu ya uvundo, badilisha udongo wote.

Jambo moja la lazima: kobe ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Usiokote mtoto wa kobe porini ukamleta nyumbani.

Akianza kutoa mapovu puani au kupumua kwa mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na ubebe konzi ya tandiko lake daktari alione.