Mwalimu Anajibu: Kitochi, tofali na pepa ya mara ya nne

Shikamoo Mwalimu. Narisiti Hisabati ya kidato cha nne. Mchana niko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa. Nilijipangia masaa manne ya kusoma kila usiku. Wiki ya pili nikajikuta nimerudi kwenye simu. Nifanyeje? – Kijana, Tabora

Marahaba. Masaa manne, baada ya kutwa nzima ya kuhesabu pesa za watu? Mimi niliyefundisha Hisabati miaka 26 nisingeyaweza. Madaftari ya warisiti nimeyaona mengi: kurasa sita za mwanzo zimepigwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, halafu weupe mtupu mpaka jalada.

Punguza. Dakika 40, alfajiri, kabla hujafungua kibanda. Usianze na ukurasa wa kwanza wa kitabu. Chukua mtihani wa mwaka uliopita, fanya swali moja. Likikushinda, ndipo ufungue kitabu kwenye mada hiyo tu. Swali moja kwa siku, Jumapili pumzika. Wiki 13 ni maswali 78, na ukiyafanya kwa mkono wako mwenyewe utashangaa yanavyofanana.

Simu sasa. Miamala ya uwakala ni nyota, namba, reli; kitochi kinatosha. Simu janja mwachie mama nyumbani, uikute jioni.

Habari za kazi Mwalimu. Najenga. Msingi uliisha tangu 2021, lakini kila nikikusanya hela ya tofali linazuka la ndugu. – Mama wa wawili, Mwanza

La ndugu halitaisha, na sikushauri uwe mchoyo. Ila hela iliyolala kwenye simu ina miguu, igeuze kitu mapema.

Angalia tu unaigeuza kitu gani. Nyumba yangu ilinichukua miaka tisa. Mwaka wa pili nilijifanya mjanja, nikanunua mifuko 12 ya saruji nikairundika stoo, chini sakafuni. Masika yakapita. Fundi alipokuja akaupiga mfuko mmoja kofi, ukalia kama jiwe. Akanitazama, hakusema kitu. Mifuko ile tuliipanga mlangoni kuzuia maji. Tangu hapo nikawa nanunua tofali tu, 20 au 30 kila mshahara, hata miezi ambayo niliona aibu kumwita mwenye toroli kwa mzigo mdogo vile. Tofali halina haraka, na hakuna shemeji atakayekuja kukukopa tofali. (Mmoja alikuja. Nikampa 15.)

Hujambo Mwalimu. Nimeanguka pepa ile ile ya uhasibu mara tatu. Nikaze au niache? – Nakuru

Jirani yako wa Nandi, Eliud Kipchoge, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya. Hakuacha kukimbia, wala hakung'ang'ania uwanja: mwaka 2013 alihamia marathoni na kushinda ya Hamburg, kisha akaleta dhahabu ya Olimpiki mara mbili, Rio 2016 na tena 2021.

Kwa hiyo nami nakuuliza: mara zote tatu ulisoma vipi? Kama ni noti zile zile, peke yako, wiki mbili za mwisho, usilipie tena mpaka umebadilisha kitu. Mtafute aliyefaulu pepa hiyo, mkae pamoja, mfanye swali kwa muda wa mtihani, akuoneshe alama zako zinavujia wapi. Mara nyingi si kwamba hujui. Unamaliza muda kwenye swali la kwanza. Ukibadilisha na bado ukaanguka, niandikie, tutazungumza habari ya kuacha. Hata hiyo si dhambi.

Mwalimu, nimeanza kukimbia asubuhi ili nipunguze uzito. Nikiwaambia rafiki zangu wananicheka. – Tanga

Usiwaambie. Mwambie mmoja, yule anayeamka mapema kuliko wewe. Na raba ziweke mlangoni tangu usiku, soksi zikiwa ndani.