Ndugu yako akifungiwa peke yake gerezani, anza kuhesabu siku

Ukisikia ndugu yako ametolewa kwenye seli ya wenzake na kufungiwa peke yake, andika tarehe. Iandike siku hiyohiyo, pamoja na saa kama unaijua na jina la aliyekupa habari. Usingoje barua rasmi, kwa sababu huenda isije kabisa, na karibu kila utakachokidai baadaye kitasimama juu ya tarehe hiyo.

Mdogo wangu hakupelekwa huko kwa kosa. Wafungwa wenzake walimpiga, akaenda kulalamika, na gereza likamtenga kwa maelezo kwamba ni kwa usalama wake. Waliompiga wakabaki na uwanja, redio na watu wa kuzungumza nao. Yeye akafungiwa mchana kutwa na usiku kucha, akitolewa kwa muda mfupi tu kuoga na kunyoosha miguu, tena peke yake. Nilipouliza atakaa huko mpaka lini, nilijibiwa kwamba ile si adhabu, kwa hiyo haina siku zilizopangwa. Jibu hilo lilitolewa kwa upole, kama vile ni habari njema.

Hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. Adhabu, hata ikiwa kali, kwa kawaida huandikiwa idadi ya siku. Kutengwa kwa ajili ya ulinzi, kwa ajili ya uchunguzi, au kwa kungoja uhamisho kunaweza kuendelea hadi mtu fulani ofisini akumbuke kulifungua faili. Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana nao kama ni adhabu au si adhabu. Uliza saa: anafungiwa saa ngapi kwa siku, na katika saa hizo anazungumza na nani?

Nakwambia uulize hivyo kwa sababu ndivyo Kanuni za Nelson Mandela zinavyopima jambo hili. Ni kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, na Baraza Kuu lilizipitisha Desemba 2015. Zinasema mtu amefungiwa kwa upweke akiwa ndani saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu mwingine. Kupitishiwa sahani kwenye tundu la mlango si mawasiliano ya maana. Hali hiyo ikipita siku 15 mfululizo, kanuni zinaikataza kabisa, sawa na zinavyokataza upweke usio na mwisho unaojulikana. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2011, Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, alikuwa amependekeza kikomo hichohicho cha siku 15, akieleza kwamba baada ya muda huo baadhi ya madhara ya akili huenda yasirudi nyuma tena. Kanuni hizi si mkataba, na ofisa anaweza kukuambia hazimfungi. Zitaje hata hivyo. Mawakili na wakaguzi wa magereza wanazijua, na barua inayozitaja haisomwi kama malalamiko ya mama mwenye uchungu tu.

Barua yenyewe iwe fupi. Mwandikie mkuu wa gereza, umuulize ndugu yako alitengwa lini, kwa sababu gani, nani aliidhinisha, na uamuzi huo utapitiwa upya lini na nani. Maswali haya si ya kubuni: Kanuni ya 45 inasema upweke utumike pale tu njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwa idhini ya mamlaka husika, na ukaguliwe na chombo huru. Kama ni adhabu ya nidhamu, uliza pia kama alielezwa shtaka lake kwa lugha anayoielewa na kupewa nafasi ya kujitetea. Omba majibu kwa maandishi. Nakala mpelekee wakili ukiwa naye, na taasisi ya haki za binadamu au ile inayokagua magereza. Andika kwa heshima hata kama damu inakuchemka, maana watakaosoma barua yako ndio wanaoshika ufunguo wa mlango wake usiku huo. Wiki ikipita kimya, andika nyingine inayoitaja ile ya kwanza na tarehe yake.

Afya ni jambo la kukimbilia, si la kusubiri majibu ya barua. Kama ndugu yako ana ugonjwa wa akili, kifafa, historia ya kujidhuru, au dawa anazotumia kila siku, hakikisha habari hiyo imefika kwa daktari wa gereza na si kwa askari wa mapokezi peke yake. Usichukulie kwamba wanajua kwa vile aliwaambia siku aliyoingia. Faili la afya na faili la ulinzi huenda hazijawahi kukaa kwenye meza moja. Kanuni zinakataza kumtenga mtu mwenye ulemavu wa akili au mwili ambao upweke ungeuzidisha, na zinamtaka mhudumu wa afya amtembelee aliyetengwa kila siku, tena amwambie mkuu wa gereza akiona anadhurika. Ukweli wa hatari hii ulipimwa katika mahabusu za jiji la New York, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Waliowekwa kwenye upweke walikuwa asilimia 7 hivi tu ya walioingia humo, lakini zaidi ya nusu ya matukio ya watu kujidhuru yalitokea kwa kundi hilo. Ndugu yako akikuambia, au akikuandikia hata kwa mafumbo, kwamba amechoka kuishi, piga simu gerezani siku hiyohiyo na uandike jina la aliyepokea.

Ukiruhusiwa kumwona, jiandae kukutana na mtu aliyepungua kwa namna usiyoitarajia. Mdogo wangu alikuwa mwongeaji tangu utotoni. Nilipomwona nyuma ya kioo, alikohoa kabla ya kila sentensi, kwa sababu sauti ilikuwa haijatumika. Nikimuuliza jambo, alirudia neno la mwisho la swali langu, akanyamaza, kisha akajibu. "Unalala?" "Lala… Silali." Aliniomba nipunguze sauti, na sikuwa nimeipandisha. Nilitaka kulia, lakini dakika za kumwona zilikuwa chache na hazikuwa zangu.

Katika hali hiyo maswali mengi yanachosha. Kilichotusaidia ni kumpa jambo la kubeba kutoka ziara moja hadi nyingine. Nilimwomba anieleze nyumba tuliyokulia, chumba kwa chumba, kitu gani kilikaa wapi, kwa sababu nilitaka kuiandika. Wiki iliyofuata alikuja na sebule. Iliyofuata tukabishana kuhusu dirisha la jikoni, na mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona amekasirika kama zamani. Barua nazo zipe namba, ili ajue ipi imepotea njiani. Asiyepata barua na asiyejua kama uliandika huanza kuamini kwamba amesahauliwa, na upweke huilisha imani hiyo kila saa. Wakikuambia ziara na barua zimefutwa kwa kuwa ametengwa, wakumbushe kwamba kanuni hazikubali mawasiliano na familia yakatazwe kama adhabu. Wanaweza kuyawekea mipaka kwa muda, kwa sababu za usalama, basi.

Aliyetengwa akiwa mtoto, usihesabu hata siku moja. Kumfungia mtoto kwa upweke kumekatazwa moja kwa moja, na Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo ni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinakataza vivyo hivyo kwa wajawazito, wenye watoto wachanga na wanaonyonyesha. Kalief Browder alikamatwa New York mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba begi. Alikaa miaka mitatu katika mahabusu ya jiji hilo iliyo kwenye kisiwa cha Rikers bila kuhukumiwa, karibu miwili kati yake katika upweke. Kesi ilifutwa. Mwaka 2015, akiwa nyumbani kwao, alijiua. Siku hizi nikisikia mtu anasema "ni ya muda tu, atazoea", nataja jina lake.

Watu huniuliza: na wale wakatili kweli, tuwaachie? Ni swali la haki, na mimi ambaye ndugu yangu alipigwa humo ndani nalielewa kuliko wengi. Yupo mfungwa anayepaswa kutenganishwa na wengine leo, sasa hivi, kabla hajaua mtu. Lakini kumtenganisha na anaoweza kuwadhuru hakulazimishi kumnyima binadamu wote kwa miezi. Tazama Colorado, nchini Marekani. Mwaka 2013 mkuu wa magereza wa jimbo hilo, Tom Clements, aliuawa mlangoni kwake na mtu aliyekuwa ametolewa kwenye seli ya upweke na kuachiwa moja kwa moja mtaani. Clements mwenyewe alikuwa ameshaanza kupunguza matumizi ya seli hizo. Aliyemfuata, Rick Raemisch, angeweza kukaza zaidi na watu wangemwelewa. Badala yake, mwaka 2014 alijifungia mwenyewe katika seli ya namna hiyo kwa saa 20, na kufikia 2017 jimbo lilikuwa limeweka kikomo cha siku 15. Jimbo la New York nalo lilipitisha sheria mwaka 2021: siku 15 mfululizo, na zisizidi 20 ndani ya siku 60. Kwa hiyo mbunge au diwani akikupa nafasi ya kuzungumza, usimwombe huruma kwa wafungwa kwa jumla. Mwombe kikomo cha siku kiandikwe kwenye sheria, mkaguzi awe mtu wa nje ya gereza, na takwimu za waliotengwa zitangazwe. Ofisa asiyelazimika kutoa hesabu hana haraka ya kuihesabu.

Siku ya kutoka ikikaribia, pigania asitoke kwenye upweke kwenda moja kwa moja nyumbani. Omba arudishwe kwanza kati ya watu, hata kwa wiki chache. Huko North Carolina watafiti walifuatilia walioachiwa kati ya 2000 na 2015. Waliowahi kutengwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 24 wa kufa katika mwaka wa kwanza kuliko wafungwa wengine, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, katika wiki mbili za kwanza ilikuwa zaidi ya maradufu. Wiki hizo mbili mtu wa nyumbani awe karibu naye, hasa kama alitumia dawa za kulevya kabla ya kifungo, kwa sababu mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani. Usimfanyie sherehe ya watu wengi. Mdogo wangu alivumilia wageni wawili, wa tatu alipoingia akaenda kukaa chooni. Mwache achague nani aje na lini.

Na kabla hajatoka, omba kwa daktari wa gereza karatasi inayotaja tarehe alizokaa peke yake na dawa alizopewa humo. Daktari wa nje ataihitaji, na wakili ataihitaji pia mkiamua kwenda mahakamani. Akishatoka, kuipata ni kazi mara kumi.