Kwa mafundi wapya wa boila za kuni: hewa haibembelezwi

Wadogo zetu, kila baridi inapoanza kilio ni kilekile. Boila ya nje imefika nyuzi 80, kuni zinateketea, nyumba imeganda. Mnabadilisha pampu. Halafu hata ile mpya mnaibadilisha. Pampu masikini haina kosa: bomba limemeza hewa, na pampu ya kuzungusha maji haiwezi kusukuma hewa.

1. Shika bomba kabla hujashika spana. Bomba la kwenda (linalopeleka maji ya moto nyumbani) likiwa la moto hadi kwenye pampu na baridi mbele yake, hewa imekaa ndani ya pampu. Joto likifika nyumbani lakini bomba la kurudi likawa baridi kwa nyuzi 25 kuliko la kwenda, badala ya 10 hivi, maji yanapita kwa tabu. Chujio lililoziba hutoa dalili hiyohiyo, ila uchafu hauguni ndani ya bomba, hewa huguna.

2. Shafti ya pampu ilale. Ikisimama wima, hewa hukaa kwenye bearingi na pampu hujikaanga.

3. Hewa husombwa na mwendo wa maji, haitoki kwa kusubiriwa. Kwenye bomba linaloshuka, maji yakienda chini ya mita 0.6 kwa sekunde, povu hupanda kinyume na maji na kurudi kileleni kustarehe. Bomba la PEX (plastiki ya maji ya moto) la inchi moja lina kipenyo cha ndani cha milimita 22 hivi, kwa hiyo unahitaji takriban lita 14 kwa dakika. Pima kwa ndoo maji unayoyapitisha kwa mpira ili kutoa hewa: ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 85. Ikichukua dakika tatu, unamwaga maji tu; tafuta mpira mnene zaidi.

Kazi yenyewe ya kutoa hewa huanza moto ukiwa umezimwa na maji yamepoa. Pale kwenye boila uwe umeshafunga tii (viungo vya njia tatu) mbili zenye koki: moja kwenye bomba la kwenda, mbele ya pampu, nyingine kwenye la kurudi. (Hukuzifunga? Zifunge leo, maana utarudi hapa.) Funga vali zote mbili za boila, ili presha ya mpira isiingie kwenye tangi ambalo halikujengwa kubeba presha. Unga mpira wa maji safi kwenye tii ya kwanza. Ya pili itoe maji kwenye ndoo, mdomo wa mpira ukiwa umezama, la sivyo hutaona mapovu. Nyumba ikiwa mita 30 kutoka kwenye boila, kwenda na kurudi ni mita 60, yaani lita 23 hivi. Pitisha ujazo huo angalau mara tatu. Katikati ya kazi, funga koki ya kutolea kwa sekunde chache kisha uiachie ghafla, mara mbili tatu. Povu lililong'ang'ania kwenye elbo litachomoka. Ukimaliza, funga ya kutolea kwanza, kisha ya kuingizia, ndipo ufungue vali za boila na kuwasha pampu. Ukikosea mpangilio huu, rudi mwanzo.

4. Sasa kosa kubwa. Tukiri kwamba mafundi karibu wote wamelifanya, na wengi walilifanya wakijiona werevu. Mtu anasoma kwamba hewa hupanda juu, anatafuta sehemu ya juu kabisa ya mfumo, anafunga pale kitoa hewa cha kujiendesha, kile chenye boya ndani, anajipongeza na kuondoka. Kwenye mfumo uliofungwa, wenye presha, yuko sahihi kabisa. Lakini boila nyingi za kuni za nje zimeachwa wazi kwa juu. Presha yake yote hutokana na usawa wa maji kwenye tangi, na kila mita moja ya maji ni takriban bar 0.1.

Hebu tupige hesabu. Rejeta, kile kifaa cha kupasha nyumba joto, iko mita 2 juu ya usawa wa maji ya boila. Pampu inatoa kimo (nguvu ya kusukuma, ikipimwa kwa urefu wa safu ya maji) cha mita 5, na msuguano hadi pale juu unakula mita 2. Toa na mita 2 za kupanda, unabaki na mita 1 chanya. Pampu ikizunguka, kitoa hewa kinafanya kazi na kila mtu anafurahi. Themostati, yaani kidhibiti joto cha nyumba, inazima pampu. Mita 5 zimetoweka na pale juu sasa ni mita 2 chini ya presha ya hewa ya nje. Kitoa hewa kinageuka mdomo: kinavuta hewa usiku kucha, safu ya maji inashuka. Asubuhi pampu inawaka, inaguna, nyumba baridi. Fundi anakuja, anatoa hewa, nyumba inapata joto, anaondoka na sifa zake. Kesho yake hadithi ileile. Ndiyo maana huonekana kama pampu inakufa polepole: hewa hailetwi na kusukuma, inaletwa na kusimama.

Kwa hiyo, juu ya usawa wa maji weka kitoa hewa cha mkono, na ukifungue tu wakati mpira umeungwa na presha ipo. Pampu ikae chini, pale boila, ikivuta maji yaliyo juu yake na kusukuma kuelekea nyumbani. Iache izunguke muda wote. Themostati iamuru feni ya rejeta tu. Ukibana kidogo vali ya kurudi upande wa boila, presha ya nyumbani hupanda, ila usibane hadi mwendo ufe. Na kama fitingi ya juu inavuja hewa, usitegemee kuona tone: pale hewa huingia, maji hayatoki.

5. Maji mapya huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo hutoka yakipashwa. Rudia kazi baada ya siku mbili tatu za moto, kisha pima dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu umeizimua.

6. Maji ya tangi yakishuka chini ya alama, bomba la kwenda huvuta kizingia (maji yanayozunguka na kuacha shimo katikati) na kumeza hewa. Angalia geji kabla ya kulaumu mtu.

7. Mpira uwe na vali ya njia moja, ili maji ya boila yasirudi kwenye maji safi. Maji ya boila yana dawa, na mtu asije akayachemshia chai.